Nilimwambia Mama Nanunua Sanda

"Mama, nataka kununua sanda."

Kimya. Upande wa pili, Likoni, nilisikia mafuta ya mahamri yakichemka, halafu jiko likazimwa.

"Kafa nani?"

Kama umekulia Nairobi huenda hujashtuka. Sanda ni ile nguo nyeupe ya kuzikia maiti. Lakini ingia karakana yoyote hapa Rongai useme unatafuta sanda, fundi atakuonyesha mashine ya msasa, ile ya kushika kwa mkono inayolainisha mbao. Nimekaa na mafundi mpaka nikasahau hilo neno lina kazi nyingine nyumbani kwetu. Ikabidi nimweleze mama kwamba hakuna aliyekufa, ni mashine tu, ya stima, ya kazi. Akashusha pumzi. Akauliza bei. Nikasema elfu kumi na saba na mia nane.

Kimya cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza.

Wacha niwape hesabu vile ilikuwa, juu bila hiyo hamtaelewa kwa nini kamashine ka mkono mmoja kalininyima usingizi wiki nzima. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Kozi yenyewe ilikuwa ya ununuzi na ugavi. Ndio, miaka miwili na nusu nikifundishwa kununua vitu, cheka tu, mimi pia hucheka. Deni la HELB liko palepale linaningoja. Siku niliyomwambia mama kwamba sirudi, alikuwa ashanitumia karo ya semesta iliyokuwa inakuja, shilingi 18,500, pesa ya mahamri na mbaazi, iliyokusanywa sarafu kwa sarafu. Nikataka kumrudishia. Akakataa. Hata hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Basi zifanyie kitu cha kuonekana, mwanangu."

Hizo pesa zilikaa kwenye simu miezi minne. Kuna siku nililala na chai ya rangi na sikuzigusa.

Wale mnaonifuata kitambo mnajua kibanda changu. Ni mabati, kiko nyuma ya chumba ninachokodi, na mama mwenye ploti alinipa kwa elfu moja mia tano kwa mwezi kwa sharti moja: kelele ziishe saa kumi na mbili jioni. Hapo ndipo natengeneza stuli, trei, rafu na vibao vya kukatia mboga. Mbao zangu nyingi ni za paleti na saipresi. Kuranda nina randa ya mkono, kukata nina msumeno, na kulainisha nilikuwa na karatasi ya msasa niliyoizungushia kipande cha mbao, na mkono wangu wa kulia.

Stuli moja ilikuwa inanichukua siku mbili. Ya kwanza kukata na kuunga, ya pili yote kusugua. Kwenye vidio inaonekana tamu, sekunde kumi na tano za muziki na vumbi likipeperuka kwenye mwangaza. Hamuoni masaa saba. Hamuoni ngozi ya vidole ikiwa nyembamba mpaka simu inakataa kutambua alama ya kidole chako. Si utani, simu yangu ilianza kuniuliza nambari ya siri kila mara kama mgeni.

Halafu mwenye mkahawa mmoja mdogo akaniagiza stuli 12. Wiki nne. Piga hesabu mwenyewe: siku 12 za kusugua pekee, kama mkono hautagoma. Nikaenda River Road.

Duka lile lilikuwa na mashine mbili juu ya kaunta, moja kando ya nyingine. Ya kwanza 5,200. Ya pili 17,800. Zote ni zile za duara zinazoshika msasa wa milimita 125, ambazo pedi yake inazunguka na wakati huohuo inacheza kwa kiduara kidogo, milimita mbili au tatu tu. Hiyo ndiyo siri yake. Kwa sababu msasa haupiti njia moja mara mbili, mikwaruzo haijipangi mstari, na unaweza kusugua hata pale mbao mbili zinapokutana nyuzi zikiangalia pande tofauti. Ile ya mraba inayotetemeka tu haifanyi hivyo.

Muuzaji aliniuliza, "Siste, umetumwa na fundi gani?" Nikamwambia fundi ni mimi. Akacheka kwa heshima, halafu akanigeuzia boksi la ile ya bei rahisi. "Ona, hii ni wati 320. Ile ghali ni wati 300. Sasa unalipia nini?"

Swali zuri, hata kama aliuliza ili amalize mchana wake haraka. Nililibeba mpaka Rongai. Wati ni ile stima mashine inakunywa kutoka ukutani. Haikuambii ngapi inafika kwenye mbao na ngapi inaishia kuwa joto na kelele. Na kusema kweli hizi mashine hazinywi stima ya maana: wati 300 ukisugua masaa matatu mfululizo haifiki hata uniti moja ya tokeni. Kwa hivyo wati siyo mahali pa kupigania.

Unacholipia kiko ndani, huwezi kukiona ukiwa kaunta. Beringi zilizozibwa vizuri vumbi lisiingie. Uzito uliosawazishwa ili mashine isikutetemeshe mpaka bega. Breki ya pedi, hii ni muhimu bana: ukiinua mashine isiyo na breki nzuri pedi inajiachilia na kuzunguka kama feni, ukiishusha tena kwenye mbao inachimba. Kidude cha kupunguza kasi. Na vipuri. Yaani pedi ikiisha, au kaboni za mota zikiisha, kuna mahali unaenda ukanunua kingine.

Hapo ndipo kila mtu mtandaoni ana usemi. Cha rahisi ni ghali. Nunua kitu kizuri mara moja, ulie mara moja. Mimi huo usemi unanichosha kidogo. Wengi wanaousema hawakununua hizo mashine, walipewa waziongelee. Sina ubaya, nikipewa pia nitachukua, lakini ukipewa huwezi kunifundisha maumivu ya kulipa. Halafu kulia mara moja ni kwa mtu ambaye akishalia bado ana nauli. Mimi nilikuwa nishawahi kununua kitu ghali kwa sababu kila mtu mzima kwenye ukoo alisema kinadumu maisha. Miaka miwili na nusu yake sikuimaliza, na aliyelia ni mama.

Lakini pia sikutaka kudanganywa na bei ndogo. Nikaamua kujaribu kabla ya kulipa. Beste yangu wa Kiserian ana ya bei rahisi, kampuni tofauti lakini kitu kilekile. Na mzee aliyenifundisha kuunga mbao, ambaye karakana yake iko karibu na barabara hapa, anajuana na jirani mwenye ya bei ghali, akanikodishia kwa mia tano siku nzima. Nikakata juu za stuli mbili kutoka ubao mmoja wa saipresi. Moja kwa hii, nyingine kwa ile. Msasa namba 80, halafu 120, halafu 180. Msasa kutoka paketi moja, dakika sawa, vanishi kutoka mkebe mmoja.

Vanishi ndiyo polisi wa kazi hii. Mbao ikiwa kavu kila kitu kinaonekana laini. Ukipaka vanishi, vile vijiduara vidogo vilivyojikunja kama mkia wa nguruwe vinatokea vyote, na hapo huna la kusema. Nilingoja mpaka zikakauka nikaziweka nje juani nikamuita mama mwenye ploti. Nikamuuliza ipi nzuri. Akasema zote nzuri, na kwani ni lini nitamaliza kodi ya mwezi. Nikamuita mzee. Akazipapasa kwa kiganja akiwa amefumba macho, akazigeuza, akasema, "Hizi zimefanywa na mashine moja."

Kwa hivyo mbao haikujua tofauti. Mikia ya nguruwe ilikuwepo michache kwenye zote, na yote ilitokea pale nilipokandamiza nikiwa na haraka au nilipotumia msasa ulioziba vumbi. Hilo ni kosa la mkono, siyo la bei. Uzito wa mashine unatosha, wewe unaelekeza tu.

Aliyejua tofauti ni mimi. Baada ya dakika arobaini na ile ya bei rahisi vidole vilikuwa vinawasha kwa ndani, kama mtu amevikalia. Vidio niliyorekodi jioni hiyo inatetemeka, nendeni muione, watu walidhani ni mtindo. Na kile kimfuko cha vumbi, jamani. Kilikuwa kimeshika robo na kuachilia zilizobaki. Nilipiga kamasi zikatoka za rangi ya saipresi. Ile ya bei ghali nayo haikuwa malaika, kimfuko chake pia kilivuja, ila kidogo.

Mzee aliniona nikikohoa akacheka, halafu kicheko kikageuka kikohozi chake mwenyewe, na hicho hakikuisha haraka. Alishika meza. Nilingoja. Amefanya hii kazi tangu kabla mama yangu aolewe, na kinga yake ni kitambaa anachofunga shingoni na kukipandisha puani akikumbuka. Akitaka kukata mvule hata hapandishi, anakasirika tu kwa sababu mvule humpa upele na kupiga chafya. Nilimuuliza kama ameona daktari. Akasema ni vumbi tu, vumbi ni la kila mtu.

Usiku huo nikasoma. Vumbi la mbao siyo uchafu tu. IARC, ile taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, ililiweka mwaka 1995 kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, hasa ndani ya pua. Na lile linaloumiza mapafu siyo lile unaloliona sakafuni, ni lile laini linaloelea hewani masaa kadhaa baada ya kuzima mashine. Msasa namba 180 unalitengeneza kwa wingi. Yaani mashine ninayotaka kununua kazi yake halisi ni kugeuza mbao kuwa kitu ninachoweza kuvuta. Na mimi na wenzangu tunaosugua paleti tuongeze hili: angalia muhuri. Ikiandikwa HT ilipashwa joto. Ikiandikwa MB ilifukizwa dawa ya kuua wadudu, na hiyo mimi sisugui, hata nikipewa bure.

Hapo ndipo swali lilibadilika kichwani. Nilikuwa nauliza mashine gani. Nilipaswa kuuliza hizi 18,500 zinunue nini. Nikichukua ya bei ghali nabaki na mia saba, mashine safi, na kitambaa cha mzee shingoni.

Nikarudi River Road. Yule muuzaji akanikumbuka, akaniita "fundi", sijui kama alikuwa ananitania. Nilichukua ya 5,200. Halafu barakoa ya mpira ya kufunika pua na mdomo, ile ya vichujio viwili vya kubadilisha, 2,600. Diski za msasa 50 za namba tofauti, 1,750, maana mzee alikuwa ameniambia kitu ambacho hakuna boksi linaandika: mashine haili mbao, inakula msasa. Ukinyima mashine msasa mpya unaanza kukandamiza, ukikandamiza inapata joto, ikipata joto inakufa. Vizibo vya masikio, soo moja. Kutoka kwa familia iliyokuwa inahama Ngong nikapata vakyumu kuukuu, ya kunyonya vumbi na maji, 5,500, na mpira wake nikaufunga kwenye mdomo wa sanda kwa tyubu ya baiskeli, mia na hamsini pamoja na waya. Nikalipa kibanda miezi miwili. Zikabaki mia mbili.

Ile tyubu ya baiskeli ndiyo nitamsifia kila mtu. Sakafu ilibaki safi. Kamasi zikarudi rangi yake.

Stuli 12 zilitoka siku ya 26. Nililipwa 2,800 kwa kila moja. Mikono iliwasha, nikajifunza kupumzika kila dakika kumi na tano na kubadilisha mkono. Simu ikanitambua tena.

Sasa nisiwafiche mwisho wa ile mashine, nisije nikawa kama wale niliowasema. Mwezi wa nne ile velikro inayoshika msasa ililegea. Diski zilianza kuruka kama sahani, moja ikapiga mabati sentimita chache juu ya simu iliyokuwa inarekodi. Fundi viatu akanibandikia velikro nyingine na gundi yake kali. Ilikaa siku tatu. Nikazunguka mjini mchana mzima na pedi kuukuu mkononi, duka baada ya duka. Pedi za ile ya bei ghali zilikuwepo, kaboni zilikuwepo, mpaka swichi. Ya kwangu, jibu lilikuwa moja tu: "Nunua nyingine, siste." Wakati huo beringi zilikuwa zishaanza kuimba. Mashine nzima inatupwa kwa sababu ya kitambaa cha upana wa kiganja. Hilo liliniuma, na hapo watu wa cha rahisi ni ghali mna haki yenu, chukueni.

Ila oneni nilikuwa nimesimama wapi siku hiyo. Miezi minne nyuma nilikuwa sijui kama hii ni kazi au ni vidio. Sijui kama mtu ataagiza mara ya pili. Sijui kama mgongo wangu utakubali. Sasa nilikuwa najua nasugua kama masaa matano kwa wiki, wiki za oda masaa kumi na tano, na kwamba vidole vyangu ndivyo vinavyolipa tofauti ya bei. Nilikuwa na maagizo mengine mawili. Kwa hivyo nilinunua ile ya 17,800, kwa pesa ya stuli, na ukiniuliza mtu anayesugua kwa malipo kila wiki anunue gani, nitakuambia hiyo, usinizungushe. Ukiniuliza wewe ambaye unataka tu kurekebisha meza ya bedsita yako, au hujui bado kama utapenda, nitakuambia chukua ya elfu tano. Ukiwa na elfu mbili tu nunua barakoa, usugue kwa mkono kama nilivyofanya. Barakoa na vakyumu zilivuka kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili bila shida. Tyubu pia, ilihitaji kukatwa tu kidogo.

Mzee nilimpelekea barakoa kama yangu. Aliipokea, akanishukuru, akaitundika kwenye msumari ukutani. Bado iko hapo kila nikipita, nzuri, safi kabisa. Sijui nimfanyeje.

Na pesa za mama. Alisema kitu cha kuonekana, na kitu kilichoonekana kwa 18,500 sasa ni vakyumu kuukuu, barakoa iliyochakaa na mashine iliyokufa. Nilifikiria sana vile nitamwonyesha. Mwisho nikamtengenezea mbuzi. Kwa wale wa bara: siyo yule wa kuchoma, ni kile kiti kidogo cha kukunja chenye ulimi wa chuma, unakikalia ukikuna nazi. Wake ulikuwa umepasuka tangu niko darasa la nane na ameufunga kamba. Nilitumia mahogani, kipande kilichobaki kwa mzee. Nikasugua namba 80, 120, 180, nikapitisha na 240 ambayo hakuna haja, nikamalizia mafuta ya nazi, kwa mkono. Nikautuma kwa basi la usiku.

Asubuhi ya pili alinitumia ujumbe wa sauti. Nilisikia watu wa mahamri nyuma yake, alikuwa anaongea kwa nguvu ili wasikie.

"Mwanangu, mbuzi nimeupata, ni mzuri, nimewaonyesha wote hapa. Lakini hiyo sanda yako imezidi. Nikikaa nateleza. Nazi mbili zishanianguka."